Mashine ya kukatia nyasi kwenye mteremko: pima kilima kabla ya kuuliza nguvu za farasi

Mvua za masika zikishakatika, simu za aina moja huanza kunifikia. Anayepiga amejenga Lushoto, au Njombe, au ana shemeji yake Limuru. Ana ekari mbili au tatu, nusu yake imelala ubavuni mwa kilima, nyasi zimefika magotini na vibarua wa fyekeo wamepandisha bei. Ameona kwenye simu video ya mtu wa Marekani ameketi juu ya mashine inayozunguka kama pia, anamaliza uwanja mzima bila kutoka jasho. Mwingine ana kaka yake Uingereza anayepakia kontena, na amemwahidi mashine iliyotumika. Swali ni lilelile: "Nichukue ya nguvu za farasi ngapi?"

Ninawaelewa, kwa sababu hata tangazo la dukani huanza na nguvu za farasi kwa herufi kubwa. Lakini kwa mwenye uwanja wa mteremko, namba hiyo ni ya nne au ya tano kwa umuhimu. Ya kwanza ni digrii za mteremko wenyewe, na kati ya wote walionipigia sikumbuki hata mmoja aliyekuwa ameupima. Nilisimamia viwanja vya shule moja ya bweni huko Usambara kwa miaka sita: uwanja wa mpira juu, mabweni chini, na katikati mteremko wa nyasi wa karibu ekari mbili. Pale ndipo nilipoona mashine nzuri, ya bei kubwa, ikiteleza kama sabuni kwenye sakafu. Ndiyo maana nataka tulielewe jambo hili taratibu, tangu mwanzo.

Tunazungumzia mashine zipi?

Mashine za kukatia nyasi ambazo dereva anakaa juu yake zina koo kubwa tatu.

Ukoo wa kwanza ni trekta ndogo ya bustani. Ina usukani, injini mbele, magurudumu makubwa nyuma, na visu tumboni. Visu hivyo vimefunikwa na bati pana linaloitwa deki. Fikiria sinia la pilau lililogeuzwa kifudifudi.

Ukoo wa pili ni ile ya kwenye video, ambayo wauzaji huiita ziro-tani. Nyingi hazina usukani wa duara. Zina vishikio viwili, na kila kishikio kinaendesha gurudumu moja la nyuma. Sukuma cha kulia mbele, vuta cha kushoto nyuma, mashine inageuka palepale iliposimama. Magurudumu yake ya mbele ni madogo na yanajizungukia kama ya toroli ya supamaketi. Yanafuata tu, hayaongozi. Shika hilo, tutalirudia.

Ukoo wa tatu hauonekani sana huku kwetu: mashine yenye deki mbele kabisa, dereva nyuma ya deki, na kwa baadhi yake magurudumu yote manne yanavuta. Nyingine hujikunja kiunoni, sehemu ya mbele na ya nyuma zikiwa zimeungwa kama kwa bawaba. Husqvarna ya Sweden inaziita Rider, na Stiga wana zao za Park. Juu ya hizo kuna mashine zilizoundwa kwa ajili ya miteremko mikali peke yake, ambazo bei yake ni ya manispaa na viwanja vya gofu zaidi kuliko ya mwenye nyumba.

Mbao, pima maji na futi

Mteremko hutajwa kwa digrii au kwa asilimia, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Asilimia ni sentimita unazopanda kwa kila sentimita 100 unazokwenda mbele kwa usawa. Kwa hiyo mteremko wa asilimia 100 si ukuta. Ni digrii 45. Mashine iliyoandikwa kwamba inafaa mteremko wa asilimia 30 haijaruhusiwa digrii 30. Imeruhusiwa digrii 17, tena hazifiki kamili. Anayesoma karatasi ya mashine haraka haraka anaweza kujikuta mahali ambapo ni karibu mara mbili ya kile mashine ilichoundiwa.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Simu nyingi sasa zina programu ya kupimia mlalo, lakini mimi napenda njia niliyofundishwa na mzee aliyekuwa mtunza bustani wetu, ambaye ujanani alikuwa seremala. Alichukua mbao iliyonyooka ya mita moja, akaweka ncha moja chini upande wa juu wa mteremko, akainua ncha ya pili, akaweka pima maji juu ya mbao mpaka povu likatulia katikati. Kisha akaniambia, "Mwalimu, sasa pima kutoka ncha hii inayoning'inia mpaka kwenye udongo." Ukipata sentimita 18, mteremko ni digrii 10. Ukipata 27, ni digrii 15. Ukipata 36, umefika digrii 20.

Tulipima sehemu 12 asubuhi ile, na tulichokipata kilinishangaza. Jicho lilikuwa limenidanganya pande zote mbili. Upande wa mabweni, ambao wote tuliuogopa, ulikuwa na digrii 9 tu. Pale katikati, ambapo wanafunzi hukaa wakisoma na hakuna aliyewahi kupahofia, palikuwa na 14. Kona ya tangi la maji mbao ilitoa sentimita 34, yaani karibu digrii 19. Pima sehemu mbaya kuliko zote, si wastani. Mashine haipinduki kwenye wastani.

Namba ya kukumbuka ni 15. Watengenezaji wengi wa trekta ndogo za bustani huandika kwenye kitabu cha mashine kwamba usiiendeshe kwenye mteremko unaozidi digrii 15. Kwa mashine za vishikio viwili, baadhi huandika 15 na baadhi 10. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye kauli ya mwisho, na kama muuzaji hana kitabu, muulize namba ya modeli ukakitafute mwenyewe kwenye intaneti kabla ya kutoa shilingi.

Nguvu ni misuli, mteremko unataka kucha

Mbuzi anapanda jabali ambalo ng'ombe hathubutu, na ng'ombe ana nguvu kumzidi mara nyingi. Tofauti iko kwenye kwato. Mashine nayo ni hivyohivyo: injini inaweza kuwa na nguvu za kutosha kuyazungusha magurudumu mpaka yachimbe udongo, lakini kama tairi halikamati ardhi, nguvu hiyo haikusaidii kupanda, na haikusaidii kabisa kusimama.

Ni huko kusimama ndiko kunakosahaulika. Kwenye trekta ndogo ya kawaida, injini inazungusha magurudumu ya nyuma peke yake, na breki nayo, kwa mashine nyingi, inashika nyuma peke yake. Unapopanda kilima, uzito unarudi nyuma na magurudumu hayo yanakandamizwa chini, yanakamata vizuri. Unaposhuka, uzito unahamia mbele. Magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, na hayo ndiyo pekee yenye breki. Ndiyo sababu mashine hupanda kwa madaha na kushuka kwa aibu, na dereva akaona kama imembadilikia ghafla.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, umande bado haujakauka, na kijana aliyekuwa akiendesha alikuwa mwangalifu. Alianza kushuka pale kwenye digrii 14, akakanyaga breki. Magurudumu ya nyuma yalisimama kabisa, hayakuzunguka hata nusu mzunguko, na mashine ikaendelea kwenda. Nyuma yake ilibaki mistari miwili ya kijani iliyopondeka, inang'aa kwa maji. Ilikwenda hivyo kama mita nane mpaka ilipoingia kwenye ua wa michongoma. Kijana alitoka na mikwaruzo ya mikono, mwili ukimtetemeka. Nilipofika nilisema maneno ambayo naona hata sasa wengi wangeyasema: "Lakini ina nguvu za farasi 24!" Mzee alikuwa ameinama, anachomoa nyasi zilizojaa kwenye meno ya tairi. Akasema, "Farasi naye huteleza, mwalimu."

Nyasi zenyewe zina sehemu yake katika hadithi hii. Zile zilikuwa nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki na leo zimeenea hadi Australia, Afrika Kusini na California. Hutambaa na kusukana mpaka zinakuwa kama godoro, na majani yake yamejaa maji. Tairi lenye meno madogo ya bustani likipita juu yake asubuhi, linazikamua, na maji hayo yanakuwa kama mafuta. Kwa ukoka wa pwani uliokauka tatizo ni dogo zaidi, lakini kanuni ni moja: digrii 15 za kwenye kitabu ni za ardhi kavu. Kwenye milima yetu, usikate kabla umande haujakauka. Sisi tulihamisha kazi yote ya mteremko ikawa baada ya saa nne.

Kuna kipimo kimoja kinachopatikana kwenye vitabu vingi vya mashine hizi ambacho nakipenda kuliko vyote: ikiwa mashine haiwezi kuupanda mteremko kwa rivasi, au ukijisikia wasiwasi ukiwa juu yake, usikate hapo. Watu hukisoma bila kuelewa sababu yake. Ukipanda kwa rivasi, magurudumu ya nyuma yako upande wa juu na yamepungukiwa na uzito, sawasawa kabisa na yanavyokuwa unaposhuka kwa mbele. Yakishindwa kukamata wakati wa kupanda kwa rivasi, yangeshindwa pia kukusimamisha wakati wa kushuka. Ni afadhali kulijua hilo ukiwa chini ya kilima kuliko ukiwa juu.

Sasa turudi kwa mashine ya vishikio viwili. Wengi huniambia, "Si ndiyo wanayotumia wataalamu wa Marekani?" Ni kweli, wanaitumia sana, kwenye viwanja vya tambarare vyenye miti na maua mengi ya kuzunguka, ambako kila dakika ni pesa. Lakini kumbuka magurudumu yale ya mbele yanayojizungukia. Usukani wote wa mashine hii uko kwenye magurudumu mawili ya nyuma, na breki yake iko hapohapo. Yakiteleza, umepoteza kuongoza na kusimama kwa mpigo mmoja. Mwenye trekta akiteleza, angalau magurudumu ya mbele bado yanasikia usukani na anaweza kujaribu kuielekeza penye usalama. Kwa hiyo kama sehemu kubwa ya uwanja wako inazidi digrii 10, msimamo wangu ni kwamba usinunue mashine ya vishikio viwili, hata uipewe kwa nusu bei.

Kupinduka

Kuteleza ni nusu ya hatari. Nusu ya pili ni kupinduka, na hapa neno la kulielewa ni kitovu cha uzito, yaani ile sehemu ambayo uzito wote wa kitu ni kama umekusanyika hapo. Mkokoteni uliobeba matofali safu moja unapita barabara iliyolala upande bila shida. Uleule ukibeba magunia yaliyopandishwa mpaka kichwani unayumba, hata kama uzito ni sawa. Kwenye mashine ya nyasi, wewe uliyekaa ndiwe gunia la juu. Mashine ndogo ikibeba mtu wa kilo 90, sehemu isiyo ndogo ya uzito wote iko kwenye kiti.

Hapo ndipo inapoanguka ile imani kwamba mashine nzito haipinduki. Uzito unasaidia ukiwa chini na umetandazwa. Ukiwa juu unadhuru, na kwenye kuteleza mashine nzito inakuwa ngumu zaidi kuisimamisha. Unachotafuta ni mashine pana, fupi kwa kimo, yenye kiti cha chini. Lile kapu la kukusanyia nyasi linalofungwa nyuma, likijaa nyasi mbichi, linabadilisha mizani yote. Livue unapofanya kazi kwenye mteremko, acha nyasi zianguke chini ziwe mbolea.

Ongeza na mashimo. Kama nafasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni mita moja, na la upande wa chini likatumbukia kwenye shimo la fuko la sentimita 10, mashine inalala karibu digrii 6 zaidi papo hapo. Uliyekuwa kwenye digrii 12 unajikuta kwenye 18. Kabla ya kununua chochote, fukia mashimo, ng'oa visiki, na weka alama kwenye kingo za matuta na mitaro.

Kwa mashine ya kukalia, kata kwa kupanda na kushuka, usikate kwa kukingama kilima, kwa sababu mashine hizi ni nyembamba kuliko zilivyo ndefu na hupinduka kwa ubavu upesi. Kwa mashine ya kusukuma kwa miguu ni kinyume chake: unakata kwa kukingama, kwa kuwa hapo hofu kubwa ni wewe kuteleza na mguu kuingia chini ya deki, au mashine kukurudia. Watu huchanganya kanuni hizi mbili kila siku, na nimesikia mafundi wazuri wakiwafundisha vijana kinyume. Ukifika mwisho wa mstari, geukia sehemu ya tambarare. Kama haipo, geuka polepole huku mdomo wa mashine ukielekea chini inapowezekana. Usibadilishe gia katikati ya mteremko kwa mashine ya klachi, kwa sababu ukishakanyaga klachi injini haikushikilii tena.

Juu ya mashine kubwa utaona upinde wa chuma nyuma ya kiti. Huo ni upinde wa kinga: mashine ikipinduka, unazuia isikulalie. Sweden ilianza kulazimisha matrekta mapya yote ya shambani yawe na kinga ya namna hiyo mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Upinde huo unafanya kazi pamoja na mkanda wa kiti. Kama umesimamishwa, funga mkanda kila mara. Kama mashine haina upinde, au umeukunja ili upite chini ya mwembe, usifunge mkanda, kwa sababu utakuwa umejifunga kwenye kitu kinachokwenda kukulalia. Kwa uwanja wa digrii zaidi ya 10, mimi singenunua mashine isiyo na upinde kama fedha inaruhusu hata kidogo.

Na mtoto asipakatwe kamwe. Najua ni furaha yao, na baba wengi hufanya hivyo kwa mapenzi. Mtoto akianguka kwenye mteremko huangukia upande wa chini, na ndiko mashine inakokwenda.

Tumboni mwa mashine

Sasa tunaweza kufungua boneti. Mashine nyingi za kisasa hazina gia za kubadilisha. Zina giaboksi inayotumia oili iliyobanwa kwa pampu kusukuma magurudumu. Huitwa haidrostati. Unakanyaga pedali, inaenda. Unaachia, inapunguza mwendo yenyewe. Kwenye mteremko ni raha, kwa kuwa hakuna klachi ya kukuachia. Ila ina udhaifu wake: kupanda kilima kwa muda mrefu kunaichemsha oili, oili ya moto inakuwa nyepesi kama maji, inavuja ndani kwa ndani badala ya kusukuma, na mashine inaishiwa nguvu. Trekta za bei nafuu hufungwa giaboksi ndogo, iliyozibwa isifunguliwe, isiyokusudiwa kilima cha saa nzima. Hii ndiyo sababu mashine mbili zenye injini ileile zinaweza kupishana bei kwa mbali. Mtazamaji anaona rangi na nguvu za farasi. Tofauti iko kwenye giaboksi, nyuma, chini ya kiti.

Kwa hiyo ukienda kununua mashine iliyotumika, usikubali kuiona ikitembea dakika tatu uani mwa muuzaji. Haidrostati iliyochoka hufanya kazi vizuri ikiwa baridi. Omba uiendeshe nusu saa, tafuta kilima, panda na kushuka, kisha usimame katikati ukiwa unapanda. Ikianza kulegea, au ikirudi nyuma polepole huku umekanyaga pedali, shukuru na uondoke. Mimi niliwahi kununua bila kipimo hiki, kwa muuzaji ambaye sitamtaja, na baada ya wiki mbili mashine ilikuwa ikipanda asubuhi na kugoma adhuhuri. Pia tazama mapezi ya kupozea giaboksi na ile feni ndogo juu yake. Nyasi kavu zikigandamana hapo, giaboksi nzima hupikika.

Halafu kuna difu, ile sehemu inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Difu ya kawaida hupeleka nguvu palipo rahisi, yaani kwenye gurudumu linaloteleza, kama vile gari lililokwama topeni linavyozungusha tairi moja huku la pili limetulia tuli. Uliza kama difu inaweza kufungwa, ili magurudumu yote mawili yavute pamoja. Kwa kilima, kitu hicho kina thamani kuliko nguvu sita za farasi za nyongeza.

Injini yenyewe ina maswali mawili. Kwanza, oili inafikaje juu? Injini ndogo za bei ya chini hutumia kijiko kinachochota oili chini na kuirusha huku na huku. Injini ikilala upande mmoja kwa muda, oili inakimbilia huko, kijiko kinachota hewa, na vyuma vinasagana vikavu. Injini yenye pampu ya oili na chujio inavumilia zaidi, nayo pia ina kikomo. Kwa vyovyote, pima oili mashine ikiwa kwenye tambarare kila siku kabla ya kuanza.

Pili, mwinuko kutoka usawa wa bahari. Hewa ya milimani ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda. Limuru, ambayo iko zaidi ya mita 2,000, injini ya nguvu 20 inafanya kazi kama ya 16. Hapo nguvu za farasi zinapata nafasi yao ya haki: ukiwa na nyasi za kikuyu zilizosukana, juu milimani, chukua nguvu kidogo zaidi ya zile ambazo mtu wa pwani angezihitaji kwa deki yenye upana huohuo.

Basi uchague ipi?

Kama sehemu yako mbaya kuliko zote haifiki digrii 10, trekta ndogo ya bustani yenye haidrostati imara inatosha, na mashine ya vishikio viwili inawezekana kwa dereva mzoefu na nyasi kavu. Kati ya 10 na 15, ningechukua trekta ya daraja zito yenye difu ya kufungwa na tairi zenye meno makubwa kidogo, au kama mfuko unaruhusu, ile ya deki mbele inayovuta magurudumu manne. Matairi ya nyuma yanaweza kuongezewa uzito wa vyuma kwenye rimu, au kujazwa maji kwa sehemu, ikiwa kitabu cha mashine kinaruhusu. Uzito huo unakaa chini kabisa na unasaidia kukamata ardhi. Pale ambapo digrii zinazidi 15, mashine ya kawaida ya kukalia imemaliza kazi yake. Ventrac ya Marekani ina modeli inayoruhusiwa hadi digrii 30 ikifungwa matairi mawili mawili kila upande, na kampuni ya Czech inatengeneza Spider, isiyokaliwa kabisa, ambayo mtu anaiendesha kwa rimoti amesimama pembeni kwenye miteremko ya zaidi ya digrii 40. Nazitaja ili ujue zipo, na ujue kwamba waliozitengeneza hawakudhani trekta ya bustani ingeweza kazi hiyo.

Juu ya upana wa deki, usikimbilie kubwa. Deki ya inchi 42, ambayo ni sentimita 107, kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hukata karibu ekari moja kwa saa ukitoa muda wa kugeuka. Kwa ekari mbili au tatu hiyo inatosha kabisa. Deki ya inchi 54 kwenye ardhi yenye mabonde na vichuguu huparuza udongo upande mmoja na kuacha manyoya upande mwingine. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji akuonyeshe kwa mkono mkanda wa visu na visu vya akiba vya modeli hiyohiyo. Kama vinaagizwa na kusubiriwa miezi miwili, nyasi zako hazitasubiri.

Ile kona yetu ya tangi, yenye digrii 19, hatukuitafutia mashine. Tuliacha kuikata. Mzee alipanda majani ya malisho yaitwayo guatemala kwa mistari inayofuata kontua, kama inavyopandwa kwenye matuta mengi ya Usambara, na kila wiki alikuwa akiikata kwa panga na kuwapelekea ng'ombe wa shule. Pale ambapo digrii 15 zinaanzia alipigilia vigingi vilivyopakwa chokaa, na kijana yule wa michongoma akawa anaizungusha mashine hatua mbili kabla ya kuvifikia.